Uzi maalumu: Tuliorushwa kwa miavuli mahali pasipotajwa, tukutane hapa

#1 Para_wa_Gilgil

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni wa waliowahi kuvaa mabawa ya mwavuli kifuani, iwe ni jeshi la nyumbani au la ughaibuni. Nina sharti moja tu: msituletee Fort Benning ya Wamarekani, Brize Norton ya Waingereza wala Pau ya Wafaransa. Hizo ni shule, na shule zote ni mamoja. Unabiringishwa mchangani mpaka shingo inakauka, unatupwa kutoka mnarani ukiwa umefungwa kamba, unafokewa mchana kutwa, mwishowe unaruka mara chache na kubandikwa mabawa. Mtu wa Pau na mtu wa Gilgil wakikutana mezani wataelewana bila mkalimani.

Kinachotofautisha watu ni uwanja wa kutua. Ardhi yenyewe. Ukimuuliza para yeyote mstaafu leo kuhusu kozi yake atakujibu kwa ufupi, lakini mwulize alitua wapi mara iliyomuumiza, atakuchorea ramani mpaka na miti.

Mimi nilikuwa 20 Para, batalioni ya miavuli ya jeshi la Kenya, Gilgil, hapo Bonde la Ufa. Wengi hapa Kenya wanapita Gilgil wakienda Nakuru na wanachojua ni kituo cha kupima uzito wa malori. Sisi tulikuwa tunapandishwa ndege ya Buffalo, ile DHC-5 ya Kanada yenye injini mbili, ambayo ikipewa kipande kifupi cha murram inapaa. Humo ndani kelele ni nyingi kiasi kwamba amri zote ni za mikono. Unasimama, unafunga ndoano ya kamba yako kwenye waya wa juu, unamkagua aliye mbele yako, aliye nyuma anakukagua, kisha mnahesabiana kwa kupigana mabega. Ukitoka mlangoni ile kamba inabaki na ndege na ndiyo inayofungua mwavuli. Wewe kazi yako ni kubana kidevu, kubana miguu na kuhesabu.

Sasa uwanja wa Laikipia. Kwa anayepita barabarani ni tambarare safi. Kutoka juu ni tambarare safi pia. Ukikaribia ndipo unaona migunga, ile mifupi yenye vijungu vyeusi ambavyo upepo ukipita vinapiga mluzi na ndani mna sisimizi. Halafu unaona korongo. Halafu unaona ng'ombe.

Tulikuwa tunarushwa alfajiri, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu hewa imetulia kabisa. Ikifika saa nne jua limeshachoma ile tambarare na upepo umeamka kutoka upande wa Mlima Kenya. Siku moja ndege ilichelewa, na mimi nikatua saa nne na ushee. Kutua kwenyewe hakukuwa na shida. Shida ni kwamba mwavuli haukulala. Ulijaa upepo ukaanza kunikokota kuelekea korongo, mgongo chini, bunduki pembeni, vumbi mdomoni. Ile klipu ya begani ya kutenganisha mwavuli na mkanda ilikuwa imejaa mchanga, haifunguki.

Walioniokoa ni watoto wachungaji. Walikuwa wametuona tukirushwa mara nyingi, wakajifunza wenyewe bila mkufunzi. Walikimbia wakaupita mwavuli, wakauingilia upande wa mbele na kuukalia wote kwa pamoja. Ukanywea. Kisha wakanyoosha mikono, wanataka biskuti za ration. Nikagundua ile ilikuwa biashara yao ya kawaida, hata bei ilikuwa inajulikana.

Nawasilisha. Wengine leteni vyenu.

#2 MtazamajiTu

Naweka kambi hapa. Mimi raia tu, ila nina swali la mshamba. Nimesikia wazee wakisema kutua Nanyuki kunauma kuliko kutua pwani. Inakuwaje? Si mnarushwa kimo kilekile kutoka ardhini?

#3 DadaFundiMiavuli

Mtazamaji, swali lako si la mshamba hata kidogo. Nijitambulishe: mzaliwa wa Moshi, nilijiunga na jeshi la Marekani, kazi yangu ilikuwa kufunga miavuli. Kozi yetu ni Fort Lee, Virginia, na kila fundi lazima naye aruke. Mwavuli uliofunga kwa mkono wako unaweza kuambiwa uuvae mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayefunga huku anachati.

Hoja ni hewa, kimo cha ndege hakihusiki. Mwavuli unakushusha polepole kwa sababu unasukumana na hewa. Gilgil na Nanyuki ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Mwavuli unapata kitu kidogo cha kusukumana nacho, hivyo unashuka haraka zaidi kwa karibu moja ya kumi.

Chukua mwavuli wa duara wa aina ya T-10, ambao majeshi mengi yameutumia tangu miaka ya 1950. Kwa mzigo wa kawaida usawa wa bahari unashuka kama mita 6.7 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kuruka chini kutoka ukuta wa mita 2.3. Mpeleke mtu huyohuyo Gilgil, anashuka kama mita 7.4 kwa sekunde, na ukuta umekuwa mita 2.8. Nusu mita inaonekana ndogo ukiisoma. Magoti hayasomi.

Ndiyo maana Marekani ilipoleta T-11 kuchukua nafasi ya T-10, jambo kubwa lilikuwa kupunguza mwendo. T-11 inashuka kama mita 5.8 kwa sekunde, ukuta wa mita 1.7. Inachelewa pia kufunguka, kwa hiyo badala ya kuhesabu hadi nne unahesabu hadi sita. Hizo sekunde mbili za nyongeza, kwa aliyezoea T-10, ni ndefu sana. Unafika nne, hakuna kitu, unaanza kuwakumbuka wazazi.

#4 Mbishi_wa_Kariakoo

Hao watoto wa biskuti ni chai. Mtoto gani anakimbilia kitu kinachotoka angani na mtu mwenye bunduki?

#5 Para_wa_Gilgil

Mbishi, mtoto aliyelelewa akifukuza fisi usiku utamtisha na kitambaa? Njoo Laikipia uwaulize, siku hizi ni wazee wenye wajukuu.

Dada fundi, asante sana. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu goti langu ni la Nanyuki, leo nimepata hesabu yake.

#6 KJ_Mkongwe

Shikamoo afande Para wa Gilgil. Marahaba kwa vijana wote.

Kwa upande wetu Bongo nitasema yale ambayo hayana ubaya kusemwa, mengine yabaki kwenye kikosi. Jeshi letu lilianza upya Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka ule, na kuanzia 1965 hadi 1970 Wakanada walikuwa hapa wakitufundisha, pamoja na kuanzisha upande wa ndege. Ndege walizotuachia ni Caribou, kaka yake Buffalo wa afande hapo juu. Baadaye wakaja Wachina, na Ngerengere ikawa Ngerengere.

Mnaojua Ngerengere mnajua ni kituo cha treni kati ya Dar na Morogoro. Hakuna anayeshuka pale kwa utalii. Joto lake ni la kukaba, siyo kavu kama la Dodoma. Kwa hesabu za dada fundi, pale tuko chini, hewa ni nzito, mwavuli unakushusha kwa adabu. Kwa hilo tuliwashinda Wakenya.

Lakini sisi tulikuwa na mkonge.

Ukanda ule una mashamba ya mkonge ya tangu enzi za Mjerumani. Kutoka juu unapendeza: mistari ya kijani iliyonyooka kama daftari la hesabu. Mwavuli wa duara hauna usukani wa maana. Unaweza kuvuta kamba za bega moja ukajisogeza kidogo, lakini upepo ukiamua unakwenda kwenye ile mistari, unakwenda. Na jani la mkonge linaishia kwenye mwiba mgumu mweusi, umesimama wima, unakusubiri. Tulifundishwa namna ya kutua kwenye miti: miguu na magoti pamoja, mikono ifunike uso, viwiko vibane kifua. Kwa mkonge ni hivyohivyo, ila unaongeza dua.

Mwenzangu mmoja alitua katikati ya mistari miwili, pale pa kupitishia toroli, mkonge kulia na kushoto, yeye hana hata mkwaruzo. Akasimama anajisifu. Mwavuli ukamshukia nyuma yake, ukatandika juu ya miche kama kumi. Kuubandua bila kuuchana kulichukua asubuhi nzima, na fundi wa miavuli alipouona hakusema neno, alitutazama tu. Dada, unalijua hilo tazamo.

#7 DadaFundiMiavuli

Nalijua kaka, nimelitumia. Kila tundu linalotobolewa ni mtu mmoja kukaa na cherehani, kupima kitambaa na kujaza fomu. Mrukaji anaona ametua salama, hadithi imeisha. Kwetu ndiyo inaanza.

#8 Muana_Katanga

Jambo bazee. Miye ni muntu ya Lubumbashi. Musinicheke, nitajikaza kuandika Kiswahili bora.

Mukiongea ya miavuli musisahabu Katanga. Nilikuwa para wa brigedi ya 31, ile Wafaransa walikuja kuifundisha kisha vita ya Shaba (ndilo jina la Katanga wakati ule) ya 1978. Shule yetu ilikuwa Kinshasa, kambi ya CETA, pembeni ya uwanja wa ndege wa N'djili. Amri zilikuwa kwa Kifaransa, matusi kwa Lingala, na sisi Wakatanga tulilalamika nyuma kwa Kiswahili.

Lakini afande amesema shule tuziache, anataka uwanja. Basi miye naleta Kamina.

Base ya Kamina iko mbali na mji wenyewe, katikati ya pori. Wabelgiji walianza kuijenga 1949. Waliogopa vita kubwa ingerudi Ulaya, wakataka pahali pa kukimbilia na kufundishia majeshi huku chini. Majengo ya matofali, barabara pana, uwanja wa ndege wa kushangaza kwa pori ile. Miaka ya 1950 para wao walikuwa wanaletwa kule kujifunza, vijana wa Flandria na wa Liège, wanarukia katika savana ya Waluba. Wazee wa vijiji vya karibu walikuwa na majina ya kuwataja, siyaandiki hapa.

Kisha Novemba 1964, Kamina ikawa pahali pa kupumzikia. Wasimba, waasi wa wakati ule, walikuwa wameshika Stanleyville, siku hizi Kisangani, na walikuwa na mateka wazungu wengi. Wabelgiji wakatoka kwao Kleine-Brogel kwa ndege za C-130 za Wamarekani, wakapita Uhispania, wakapita kisiwa cha Ascension, wakafika Kamina. Siku mbili kisha, tarehe 24 asubuhi na mapema, ndege tano zikawatupa para kama 320 pembeni ya uwanja wa ndege wa Stanleyville. Mukitaka uwanja wa kutua usiotajwa, ni huo: walitua kwenye uwanja wa gofu. Wa kwanza kufika walikuwa na kazi ya kuondoa mapipa na magari yaliyowekwa kwenye njia ya ndege, ili zile nyingine zitue. Kanali wao aliitwa Charles Laurent. Mateka wengi waliokolewa, lakini wengine waliuawa katika barabara dakika za mwisho, na Wakongomani waliokufa mwaka ule katika mji ule, hawajawahi kuhesabiwa namna inavyofaa. Ninasema ili musione ni filamu.

Sasa ardhi. Katanga adui wa para ni kichuguu. Mukisikia kichuguu munawaza kitu cha kufika kiunoni. Kwetu kichuguu kinaweza kuzidi nyumba kwa urefu, kigumu kama saruji, na juu yake pameota miti. Wakati wa mvua matete yanapanda mpaka yanafunika vile vidogo. Kutoka juu unaona majani laini yanatikisika. Unajiachia. Kumbe chini ya majani kuna vichuguu vya mita moja, mita mbili, vimejificha. Unatua mguu mmoja uko juu, mguu mwingine uko chini. Yale mafundisho ya miguu pamoja yanabaki mlangoni mwa ndege.

Na wale Walejiona wa Ufaransa (kikosi chao cha askari wa kigeni) walioruka Kolwezi tarehe 19 Mei 1978 walikutana na hayohayo, matete na vichuguu. Tena waliruka na miavuli ya T-10 iliyokuwa ya jeshi letu, kwa sababu ya kwao haikuwahi kufika. Ndoano za mizigo yao hazikuingia kwenye mikanda ya Kiamerika, wakafunga mizigo kwa waya na kamba. Wakaruka hivyo. Siku tatu mbele yao, kombania ya para wa Zaire ilikuwa imeshatupwa palepale Kolwezi, ikapigwa vibaya sana. Dunia nzima inajua Walejiona. Wale wa kwanza nani anawataja?

#9 MtazamajiTu

Huu uzi ni darasa. Muana Katanga, hicho cha waya na kamba ni kweli kabisa?

#10 DadaFundiMiavuli

Ni kweli, kinajulikana sana kwa watu wa kazi yetu. Mkanda wa Kiamerika na begi la Kifaransa havikutengenezewa kukutana. Fundi yeyote akisikia habari ya Kolwezi, kitu cha kwanza kinachomtoa jasho ni hizo ndoano, risasi anaziwaza baadaye.

#11 Mjukuu_wa_Keya

Wakuu, mimi sijaruka, baba hakuruka, na babu pia hakuruka. Lakini babu alikuwa na habari ya miavuli ambayo sijawahi kuiona popote, naomba niiweke.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu, mtu wa Songea, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 walishuka Bonde la Kabaw kule Burma wakiwafukuza Wajapani, wakati wa masika. Njia ilikuwa tope tupu, magari yanazama, punda wanazama. Chakula na risasi vikawa vinaletwa na ndege za Dakota na kuangushwa kwa miavuli. Uwanja wa kuangushia ni kipande cha msitu kilichofyekwa asubuhi ileile.

Hariri ya miavuli ilikuwa haba, basi jeshi la Jenerali Slim wa Uingereza likawapa kazi viwanda vya magunia vya Calcutta, vikatengeneza miavuli ya juti. Miavuli ya gunia! Ilikuwa ya mizigo tu, hairushi mtu. Lakini babu alisema iliyotisha haikuwa hiyo. Mchele haukufungiwa mwavuli wowote. Ulitiwa kwenye gunia ndani ya gunia, ukasukumwa nje ya ndege hivyohivyo. Gunia la nje lilikuwa na nafasi, la ndani likipasuka mchele unabaki. Ukisimama pasipo pako, gunia likushukie, hapo hakuna hospitali. Babu alisema filimbi ya ndege ya chakula ikilia, wote walikimbilia mitini na kujificha kutoka kwa wali wao wenyewe.

Mzee alirudi na kipande cha kile kitambaa cha juti. Bibi akakifanya kuwa cha kuanikia mtama.

#12 KJ_Mkongwe

Mjukuu, umenikumbusha marehemu babu yangu mdogo. Naye alikuwa anasimulia "ndege za chakula", sisi watoto tulidhani anatunga. Mungu awarehemu.

#13 Catterick254

Salamu kutoka Yorkshire. Mkenya, nilihudumu jeshi la Uingereza, nilipita P Company, ule mchujo mkali wa wanaotaka kuwa para, pale Catterick, kisha kozi ya kuruka. Najua Brize Norton imepigwa marufuku na mwenye uzi, lakini Brize ni darasa na hanga tu. Kutua kwenyewe ni Weston-on-the-Green, uwanja wa nyasi karibu na Oxford, ambao hata madereva wanaoupita kila siku hawajui unafanya nini.

Sina mkonge wala kichuguu. Nyasi zimekatwa, ardhi laini, unaweza kulala usingizi. Adui wetu alikuwa kungoja. Wakufunzi ni wa jeshi la anga, wapole ajabu ukilinganisha na wale wa Catterick. Wanakuvalisha, wanakukagua, unakaa kwenye benchi na mzigo wote mgongoni. Upepo. Mnavuliwa. Mnavalishwa. Wingu. Mnavuliwa. Ndege imeharibika. Mnavalishwa. Wakati wangu siku za kungoja zilizidi za kuruka kwa mbali sana. Mkiniuliza para wa Uingereza anafundishwa nini, nitasema subira.

Wakongwe walitusimulia habari ya puto. Hadi miaka ya 1990 kuruka kwa mara ya kwanza kulikuwa kutoka kwenye kizimba kilichoning'inizwa chini ya puto, futi 800 juu, likiwa limefungwa kwa waya kwenye lori. Kimya kabisa. Unasikia mbwa akibweka kijijini. Kwenye ndege upepo wa injini unakudaka ukitoka mlangoni, kwenye puto hakuna kinachokudaka, unaanguka wima zaidi ya futi 100 kabla mwavuli haujafunguka. Kila mzee niliyemuuliza alisema angechagua ndege.

#14 Mbongo_wa_Anchorage

Mnalalamika joto na miiba, njooni Alaska. Divisheni ya 11 ya miavuli ilifufuliwa hapa 2022, na uwanja wetu wa mazoezi unaitwa Malemute, ndani ya kambi hapa Anchorage.

Watu wanadhani theluji ni godoro. Kuna siku ni godoro kweli. Tatizo ni macho. Kila mahali umefundishwa kutazama upeo wa macho, siyo miguu, lakini bado kwa pembeni ya jicho unaiona ardhi ikija na mwili unajiandaa. Juu ya theluji siku yenye mawingu hakuna ardhi. Chini ni nyeupe, mbele ni nyeupe, angani ni nyeupe. Unangoja, unangoja, unaanza kulegeza miguu ukidhani bado, na hapo ndipo unapigwa. Na kama upepo umekwangua theluji, chini ni barafu.

Halafu mavazi. Buti nyeupe kubwa za baridi, glovu mbili, mzigo wenye begi la kulalia. Ukisimama ndani ya ndege huwezi kugeuka. Vitelezi vya kuvuta mizigo vinaangushwa pia, na ukishatua unakivuta wewe. Kwa mtoto wa Tanga ilikuwa adhabu ya dhambi ambayo sikuifanya.

#15 Mbishi_wa_Kariakoo

Swali kwa walioko Marekani. Hivi Weusi kule walianza lini kuruka? Maana picha zote za vita vya pili ni wazungu.

#16 DadaFundiMiavuli

Mbishi, leo umeuliza la maana. Mwanzoni hawakuruhusiwa. Mwishoni mwa 1943 wakachukuliwa watu 20 wa majaribio kutoka divisheni ya 92 iliyokuwa Fort Huachuca, Arizona, na Februari 1944 wa kwanza 16 wakapata mabawa. Mmoja wao ni sajenti Walter Morris. Yeye alikuwa kwenye kikosi cha ulinzi shuleni Benning, na kabla ya hapo alikuwa akiwachukua askari wake jioni, wazungu wakishaondoka uwanjani, wanaiga mazoezi yote waliyoyaona mchana. Mkuu wa shule akawaona. Kutokana na hao ikazaliwa batalioni ya 555.

Hapa ndipo uzi wa afande unapoingia. Wao walitarajia Ulaya. Mwaka 1945 wakapelekwa Pendleton, Oregon. Wajapani walikuwa wanarusha maputo yenye mabomu yavuke Bahari ya Pasifiki yachome misitu, na 555 wakapewa kazi ya kurukia kwenye moto. Wakajifunza upya kila kitu. Wao badala ya kukwepa miti, waliitafuta, maana kwenye mwamba wenye mteremko tawi ni salama kuliko jiwe. Walivaa kofia za wachezaji wa mpira wa Kimarekani zenye wavu usoni, na kila mmoja alibeba kamba ya futi 50 ya kujishushia kutoka mtini. Waliruka zaidi ya mara 1,200 kwa ujumla wao. Aliyefariki ni mmoja, mganga wa kikosi Malvin Brown, tarehe 6 Agosti 1945, alianguka akishuka kutoka mtini. Siku hiyohiyo bomu lilidondoshwa Hiroshima, kwa hiyo hata gazeti halikuwa na nafasi yake.

KJ Mkongwe, nadhani wewe na mkonge wako mngeelewana nao sana.

#17 KJ_Mkongwe

Futi 50 za kamba! Sisi ungetupa kamba tungeanikia nguo.

Kwa heshima lakini, hao ni wanaume. Kutafuta mti kwa makusudi.

#18 Muana_Katanga

Dada, asante sana kwa hiyo ya 555. Kwetu nao wako wengi namna ile, wa Kolwezi na wa kwingine. Ningependa mwenye jamaa aliyekuwa kombania ile ya Mei 1978 aandike hapa, hata kama ni kidogo. Jina lake la kweli msiliweke.

#19 Para_wa_Gilgil

Muana Katanga, naunga mkono. Uzi uko wazi.

Dada fundi, swali la mwisho kwako kabla sijalala. Kijana wangu wa mwisho anataka kunipeleka Diani, kuna kampuni pale inarusha watalii juu ya bahari. Unafungwa kifuani kwa mtu mwingine na yeye ndiye anayeongoza. Nimemwambia mimi sijawahi kufungwa na mtu kama mtoto mgongoni. Lakini nimepiga hesabu zako: pwani, usawa wa bahari, hewa nzito, mchanga. Goti litakubali?

#20 DadaFundiMiavuli

Shikamoo baba. Ile ni miavuli ya mstatili, inaongozwa na kufungwa breki ukikaribia chini, kwa hiyo hesabu za T-10 hazihusiki. Ukishuka unanyanyua miguu mbele na mnatua mmekaa. Goti halitajua kitu. Ila watakuuliza uzito, useme ule wa sasa, usiseme wa Gilgil.

#21 Mbishi_wa_Kariakoo

Na biskuti abebe, labda na Diani kuna watoto.